Batman wako wa kwanza alikuwa yupi, na nani alikuja kumpindua? Tupeane uzoefu

Wakuu, kwema?

Wiki iliyopita mafua yalinilaza ndani siku nne, nikasema ngoja nizipitie muvi za Batman kwa mpangilio, kuanzia ya 1966 hadi ya 2022. Homa iliisha kabla ya muvi. Zile tatu za Christopher Nolan peke yake zinakula zaidi ya saa saba.

Wangu wa kwanza ni Michael Keaton, ile ya 1989. Nilikuwa darasa la tatu, na mkanda wetu ulikuwa umechoka kiasi kwamba picha inapanda na kushuka yenyewe. Kilichonikaa kichwani hakikuwa gari wala Joker wa Jack Nicholson. Ilikuwa shingo. Yule bwana hageuzi shingo! Akitaka kutazama pembeni anageuka mwili mzima, mabega, kifua na joho lake, kama kabati linalozungushwa chumbani. Mimi nikajua ndivyo mashujaa walivyo. Nikatembea hivyo wiki nzima. Nikiitwa nageuka na kiwiliwili chote, taratibu, bila kutabasamu. Mama akanikanda shingo kwa maji ya moto akidhani nimelala vibaya.

Ukubwani ndipo nikajua kumbe ni mpira tu. Kinyago kilishikana na shingo, kizito, na Keaton humo ndani hata kusikia ilikuwa taabu. Akaichukua kasoro akaifanya staili. Na kumbukeni huyu ni mtu ambaye mashabiki walimkataa kwa maelfu ya barua kabla muvi haijatoka, kwa sababu walimzoea kwenye vichekesho.

Ikapita miaka 19. Niko ukumbini, 2008, Christian Bale, Batman wa Nolan, anamwendea Lucius Fox, yule anayempa vifaa, kuomba suti mpya. Shida yake? Anataka aweze kugeuza kichwa. Fox anamjibu kwamba itamsaidia kurudi nyuma na gari. Nilicheka peke yangu hadi wa kiti cha pembeni akanitazama. Nilijiona kama niliyetaniwa mimi. Ila sikilizeni Fox anavyomalizia: suti mpya ni nyepesi kwa sababu imekatwa vipande, na penye uwazi kisu kinapita. Shingo unapewa, ngozi unaitoa.

Kwa hiyo Bale alimpindua Keaton? Kwa muvi, ndiyo. Kwa Bruce Wayne, yaani Batman akiwa amevua kinyago, bado. Kuna ile sini Keaton anakula na Vicki Vale, mpiga picha anayempenda, kwenye meza ndefu, kila mtu kwenye ncha yake, wakiongea kwa kupaza sauti kama walio kwenye ng'ambo mbili za mto. Halafu anakiri kwamba hadhani kama amewahi kuingia kwenye chumba hicho. Nyumba yake mwenyewe! Hapo naamini kabisa kwamba huyu usiku anavaa popo. Bruce wa Bale anaigiza tajiri mpuuzi, na anaigiza vizuri, ila muda wote namwona anaigiza.

Haya, leteni za kwenu. Ombi moja: msije na orodha ya nani namba moja nani namba mbili, hizo tumezichoka. Leta kitu ulichokiona kwa macho yako.

Popo wa Mchana:
Mkuu, mimi nilianzia kwa Adam West, na lawama zote apewe baba. Ile ya 1966 alikuwa akiiweka mwenyewe. Sini ya bomu mnaikumbuka? Batman amebeba bomu jeusi la duara, utambi unawaka, anakimbia gatini kutafuta pa kulitupa. Huku watawa. Huku mama na kigari cha mtoto. Huku bendi na matarumbeta yake. Majini wapendanao kwenye mtumbwi. Akigeukia upande mwingine, bata na vifaranga. Baba anacheka mpaka anakohoa. Mimi nalia, najua vifaranga ndiyo basi tena.

Sasa mtu wa namna hiyo umpe Keaton. Nilikaa nasubiri kuchekeshwa. Alipomning'iniza yule mwizi juu ya paa nikamgeukia baba kumuuliza kwa macho: tucheke au tusicheke? Baba naye kimya.

Kuna kitu nilichelewa kukiona. West hachekeshi hata kidogo. Papa amemng'ata mguu, yeye ananing'inia kwenye ngazi ya helikopta, na anaagiza dawa ya kufukuzia papa kwa utulivu wa mtu anayeomba kijiko. Angetabasamu mara moja tu, muvi yote ingeporomoka. Hiyo kazi ni ngumu kuliko kukunja uso kwenye mvua, na simwoni mwingine anayeiweza.

Mzee wa Wino:
Naingia kidogo nitoke. Wangu wa kwanza ni wa kwenye karatasi. Bob Kane na Bill Finger walimtoa 1939, na yule wa mwanzo kabisa alikuwa anaua na bastola alishika. Kwa hiyo mkianza ule ubishi wa "Batman haui", jueni sheria hiyo alipewa baadaye. Jingine: muvi ya kwanza kuliandika jina la Finger kama mwenza katika kumuumba Batman ni ya 2016. Zote za nyuma mlisoma Kane peke yake.

Sauti ya Chini:
Dada zenu tupo pia. Mnasahau kwamba kuna Batman aliyeingia sinema akiwa katuni, Mask of the Phantasm, 1993. Sauti ni ya Kevin Conroy. Mimi nilikulia kwenye ile katuni ya televisheni, kwa hiyo kwangu Batman ni sauti kwanza, uso baadaye.

Iko sini ya makaburini. Bruce bado kijana, amempenda msichana, na tayari aliwaahidi wazazi wake marehemu kwamba atapambana na wahalifu. Anapiga magoti mbele ya kaburi, mvua inamnyea, anawaomba ruhusa ya kuivunja ahadi. Anasema hakutarajia kwamba angekuja kuwa na furaha. Ni mchoro jamani, wino na rangi, na Conroy anakupasua moyo. Zile za watu halisi zinamwonyesha Bruce akiomboleza wazazi. Hii inamwonyesha akiwaogopa. Sijaiona tena mahali pengine.

Ndiyo maana Bale alipofungua mdomo na ile sauti ya kukwaruza, kama kameza mchanga, nilishindwa. Conroy alikuwa anashuka ngazi moja tu, kutoka Bruce kwenda Batman, na unajua umehamia kwa mtu mwingine. Alipofariki 2022 nilizima simu nikaiweka ile muvi.

Popo wa Mchana:
Kama kameza mchanga! Sina mbavu.

Mtetezi wa Clooney:
Najua nitazomewa, ndiyo maana nimejiita hivi kabisa.

Ile ya 1997 sitetei suti zenye chuchu. Sitetei Schwarzenegger na utani wake wa barafu kila akifungua kinywa. Sitetei kadi ya benki ya popo ambayo muda wake wa kuisha umeandikwa "milele". George Clooney mwenyewe anaiombea radhi mpaka leo, na baada yake Batman alikaa miaka 8 bila muvi ya watu halisi. Yote sawa.

Lakini mimi niliiona mwaka ambao babu alikuwa kitandani. Na humo katikati ya neoni na makelele kuna Alfred, mtumishi aliyemlea Bruce, anayeumwa. Zingatieni, Michael Gough ndiye Alfred wa zile nne zote, 1989 mpaka 1997. Batman walibadilishwa, Keaton, Val Kilmer, Clooney, mzee yupo palepale na trei yake. Kwa hiyo anapolala pale, anayeumwa ni mtu uliyekaa naye miaka. Clooney anakaa karibu yake, anaacha masihara yote, anamwambia anampenda. Mzee naye anajibu hivyohivyo. Basi, ndogo tu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nikainuka, nikaenda hadi chumbani kwa babu, nikasimama mlangoni nisijue la kusema. Akaniuliza kama muvi imeisha. Nikamwambia bado.

Aliyempindua Clooney kwangu ni kila mtu. Ila sini ile hawajaipindua.

Mleta uzi:
Mkuu, hukuzomewa. Nimeirudia hiyo sehemu usiku huu. Kumbe nilikuwa nairuka.

Kinyago Wazi:
Mimi mwenzenu naangalia vitu vya kijinga. Kwa mfano rangi ya macho. Kuanzia Keaton, hawa wanapaka rangi nyeusi kuzunguka macho ili kinyago kionekane kimeshikana na uso. Sasa nenda Batman Returns, 1992, mwishoni, Keaton yuko na Catwoman wa Michelle Pfeiffer, anakichana kinyago chake amwonyeshe yeye ni nani. Sini nzito, Pfeiffer anaigiza mpaka unasahau kupumua. Na uso wa Keaton? Msafi. Rangi imekwenda wapi? Sekunde chache nyuma ilikuwepo! Nilirudisha nyuma mara sita siku hiyo, kaka yangu akaninyang'anya rimoti.

Miaka 30 baadaye anakuja Robert Pattinson, anavua kinyago, na ile rangi iko palepale, imechuruzika hadi mashavuni, nywele zimelowa, macho mekundu. Nilipiga makofi. Mtu mmoja hatimaye amekiri kwamba hii kazi inachafua. Tangu hapo huyo ndiye wangu. Hata anapofungua ile suti ya kupaa: anasimama ukingoni mwa jengo, unaona kabisa anaogopa, anaruka, na kutua kwenyewe ni balaa, anabiringishwa barabarani kama gunia kisha anaondoka akichechemea. Bale angetua kwa heshima zake.

Nampinga:
Mzee wa Wino kaniwahi lakini sikubali. Sheria ikishawekwa imewekwa. Ben Affleck 2016 ana bunduki kwenye gari, bunduki kwenye ndege, na wahalifu anawachoma chapa kama ng'ombe. Huyo ni mwingine, kaazima joho. Halafu ugomvi wote na Superman unaisha kwa sababu mama zao wanaitwa jina moja!

Mzee wa Wino:
Kijana, Keaton 1992 alimfungia baunsa bomu kiunoni, akatabasamu, akaondoka. Mbona yeye hujamkamata? Na useme ukweli wako: pale Affleck anapoingia ghalani kumwokoa mama yake Superman, umeshaona Batman anapigana vile kwenye muvi nyingine? Anapita katikati ya watu kama kwenye komiki hasa.

Nampinga:
Ghala nakupa. Mengine sikupi.

Kaka Mkubwa:
Mimi niliwaonyesha wadogo zangu wawili zote kwa zamu, nikakoma na kile kichochoro. Mnajua ninachosema: baba, mama, mtoto Bruce, mtu mwenye bastola, mkufu wa lulu unakatika, lulu zinatawanyika chini. 1989 muuaji ni Joker mwenyewe kabla hajawa Joker. 2005 wanatoka kwenye opera kwa sababu mtoto kaogopa, akabaki na hatia yake. 2016 mtutu umeingia kabisa ndani ya mkufu, tena kwa taratibu, lulu moja moja. Hata Joker wa Joaquin Phoenix wa 2019, muvi isiyo na Batman, kichochoro kimo!

Mdogo wangu wa mwisho, miaka saba, safari ya tatu akaniuliza kwa hasira: "Kwa nini hawapiti barabara kubwa?" Sikuwa na jibu. Wayne ni mabilionea, gari liko wapi, dereva yuko wapi?

Tulipofika ya 2022, mtoto kakaa kajikunyata anasubiri kichochoro. Saa ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Karibu saa tatu zinaisha, na wazazi wanatajwa, wanachunguzwa, hata kusingiziwa, lakini kufa kwao hakuonyeshwi. Badala yake kuna Pattinson anamtazama mtoto wa meya aliyefiwa na baba, anamtazama tu, muda mrefu, hakuna anayesema kitu. Mdogo wangu akasema: "Huyu ndiye yule mtoto wa kichochoroni." Nami sikuwa nimemweleza lolote.

Sauti ya Chini:
Huyo mdogo wako afungue uzi wake.

Kinyago Wazi:
Mleta uzi, swali. Umesema umeishia 2022. Keaton alirudi 2023 kwenye The Flash, na umri wake ule, na suti ileile nyeusi. Shingo je?

Mleta uzi:
Aisee. Msifunge uzi, naiweka sasa hivi.