Umri bilioni 13.8, umbali bilioni 46?

Mgeni wa nyota: Wakuu, nimeanza somo la astronomia na nimekwama wiki ya tatu. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Iweje mwisho wa tunachoweza kuona uwe umbali wa miaka ya nuru bilioni 46 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja)? Nuru imejipita yenyewe?

Mkongwe: Hapana. Nuru ilipokuwa njiani, anga lenyewe lilizidi kutanuka. Kilichoitoa kimeshabebwa mbali.

Mpitanjia: Chora nukta kwenye puto, ulipulize. Zinaachana bila kutembea. (Puto lina kitovu, ulimwengu hauna; mfano usiubebe wote.)

Mgeni wa nyota: Kumbe! Nilipiga hesabu ya kasi mara muda tu, kana kwamba barabara haikurefuka. Ndiyo maana mawimbi ya nuru hufika yamevutika, mekundu?

Mkongwe: Ndiyo hasa. Mwanaastronomia Edwin Hubble alitangaza mwaka 1929: galaksi (kundi kubwa la nyota) ikiwa mbali zaidi, huachana nasi kwa kasi zaidi.