Bango la Yadi

*Kikundi: WAJUKUU NA WAZEE, TABORA*

Kaka Mkubwa: Shikamooni wakubwa. Bango jipya la yadi hilo hapo. 📷 Fundi anataka jibu kabla ya saa sita, rangi ameshachanganya.

Shangazi: Marahaba. Limependeza. Lakini hapo chini, "TUNAUZA MAGARI TANGU 1996", nani kakudanganya?

Ba'mdogo: Hajadanganywa, dada. Leseni ilitoka 1996, nimeifuata mwenyewe kwa miguu yangu.

Shangazi: Leseni ni karatasi. Baba kauza gari mimi niko darasa la tano. Ile Bedford.

Ba'mdogo: Ile haikuwa gari. Ilikuwa chuma chenye usukani.

Dada wa Dar: 😂😂😂

Kitinda: Jamani, mimi najua Babu alikuwa fundi baiskeli tu. Magari yaliingiaje?

Shangazi: Kaa nikusimulie. Babu yako spana kazishikia Urambo, kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Walitoka vitani kwao hakuna mafuta ya kupikia, 1947 wakaja na matrekta kulima karanga huku kwetu, Kongwa na Nachingwea. Pesa walizomwaga na karanga walizovuna havikulingana, 1951 wakafunga. Baba karudi mjini na sanduku la spana na kidole kimoja kifupi. Akawa kibarua kwenye duka la Mhindi, baadaye akatandika turubai lake chini ya mwembe, Ng'ambo. Pancha, cheni, breki. Raleigh za walimu na makarani.

Kaka Mkubwa: Sasa hapo Shangazi anatengeneza, hauzi.

Shangazi: Ananunua mbovu, anaunga, anapiga rangi, anauza. Wewe na hizo IST zako unafanya nini tofauti?

Dada wa Dar: Kaka umepatikana 🔥

Kaka Mkubwa: Nimenyamaza.

Ba'mdogo: Haya, tuseme ukweli wote basi. Miaka ya sabini huwezi kuagiza gari ukajiuzia. Mpya zinapitia State Motor Corporation, shirika la serikali, kwa kibali, na kibali kina wenyewe. Mzee akabaki na mikweche. Serikali ikipiga mnada Land Rover zilizochoka, ananunua tatu, anatoa moja inayotembea. Mbili zinakaa uani kuku wanataga humo.

Shangazi: Na mteja wa Nzega je?

Ba'mdogo: 😂 Usiniambie! Jumapili ikifika saa nane mchana ilikuwa marufuku kuendesha gari binafsi, nchi inabana mafuta. Yule bwana kaja kujaribu gari asubuhi, kabishania bei mpaka saa nane ikampita. Akalala kwetu. Kala jogoo mzima, asubuhi kasema gari haitaki tena.

Kitinda: Kwa hiyo jogoo ndiye alikuwa mtaji 💀

Shangazi: 1983 ndio hatukucheka. Msako wa wahujumu uchumi. Ukikutwa na spea nyingi wewe mlanguzi. Giaboksi mbili zilizikwa chini ya kihenge usiku, mimi nimeshika kibatari. Moja sijui kama ilifukuliwa.

Kaka Mkubwa: Hapo ndipo nilipomwaga zege la kuoshea magari 🙆🏾‍♂️

Ba'mdogo: Mwaka uliofuata bajeti ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize vitu. Sisi za kigeni tungetoa wapi? Tulingoja mitumba ya Japani ishuke bei. Mzigo wangu wa pili ulikutana na El Niño, reli ikakatika, Corolla mbili zimekaa Dar zinaota ukungu. Nimezileta kwa barabara kupitia Dodoma, Singida, Nzega. Tope mpaka kwenye vioo. Kwa hiyo nikisema 1996 nasema kwa uchungu.

Kitinda: Subirini, niko kwa Bibi. Nimempa simu.

Kitinda: 🎤 1:48

Dada wa Dar: Niko ofisini siwezi kusikiliza, andika.

Kitinda: Bibi anasema hivi: "Mwangaluka. Turubai lilinunuliwa kwa asali yangu, madebe manne, kaka yangu aliyarina misitu ya Sikonge. Ulikuwa mwaka wa Kura Tatu, ule uchaguzi wa kila mtu kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mhindi, TANU wamekuja kufanya mkutano wao hapa Tabora. Bedford niliiuza mimi. Mume wangu yuko ndani anatetemeka homa. Ilikuwa mwaka wa kuhamishiwa watu vijijini. Mnunuzi mkulima wa tumbaku, kalipa nusu, nusu kaleta msimu uliofuata, hatukuandikiana hata mstari."

Shangazi: Mama! Miaka yote tunasema Baba ndiye kauza.

Kitinda: Anasema hamkuuliza.

Dada wa Dar: Kura Tatu ni 1958. Vijiji ni 1974. Leseni 1996. Chagueni.

Ba'mdogo: Bango linasema MAGARI. Kwa hiyo 1974. Nimeshindwa na mama yangu, si na dada.

Shangazi: Basi ondoa neno "magari", weka 1958.

Kaka Mkubwa: Shangazi nikiondoa "magari" watu watajua nauza nini? Asali?

Kitinda: Bibi anasema asali inalipa kuliko Noah zako.

Kaka Mkubwa: Tena mnisikie, fundi anatoza kwa herufi na tarakimu.

Dada wa Dar: Weka 1974, na picha ya Bibi pembeni. Si ya Babu.

Ba'mdogo: Naunga mkono.

Shangazi: Avae ile khanga yake nyekundu.

Mlinzi Yadi: Samahanini wazee. Kuna watu wawili hapa getini kutoka Kaliua, pesa ya tumbaku imetoka, wanataka kuwasha ile Noah nyeupe. Funguo nani anazo?

Kaka Mkubwa: Ba'mdogo?

Ba'mdogo: Si ulichukua wewe jana?

Kitinda: Ziko hapa kwa Bibi, mezani. Anauliza bei ya mwisho ni ngapi, anakuja mwenyewe na bodaboda.