Kwari na makazi Dodoma: nani ampishe mwenzake?

Mleta mada: Wadau, mtaa wetu uko pembezoni mwa jiji, jirani na kwari, yaani machimbo ya kokoto wanakopasua mwamba kwa baruti. King'ora cha kuonya kuwa wanalipua kikilia, kuku huingia uvunguni kabla ya watoto. Ukuta wa sebule umepasuka, kidole kinapita. Nikilalamika naambiwa, "Ulitukuta." Ni kweli niliwakuta, lakini kiwanja nilipimiwa kihalali. Mimi nasema wahamishwe. Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011 mabomu yaliwafuata watu majumbani, tunasubiri yapi?

Mchorongaji mstaafu: Mkuu, hapo umechanganya. Kule yaliwaka maghala ya silaha za jeshi. Kwari ni kazi ya kupangilia. Matundu tunayochoronga mwambani na kujaza baruti hayalipuliwi kwa mkupuo. Yanapishanishwa kwa milisekunde ili mtikisiko ugawanyike. Tundu likizibwa vizuri kwa kokoto ndogo, nguvu inabaki ndani ya mwamba. Likizibwa kwa vumbi la kuchorongea, kwa uvivu tu, ndipo jiwe linaporuka. Na jiwe ndilo linaloua, kishindo kinatisha tu. Mbane mlipuaji afuate taratibu. Ukihamisha kwari, kokoto itapanda bei, na wewe hiyo nyumba umeijenga kwa nini, pamba?

Mama wa pale pale: Nyie wanaume mnabishana, nyufa zina baba wengi. Udongo mweusi ukilowa mvua za Desemba unavimba, kiangazi unapasuka. Dada yangu yuko upande wa pili wa jiji, hasikii baruti hata moja, na msingi wake umefunguka. Tena tuko jirani na Bonde la Ufa, ardhi yenyewe hucheza.

Mleta mada: Sawa mama, umenipunguzia hasira, lakini kwari umeikingia kifua. Mzee wa kuchoronga, nakubali pia: kuhama si lazima. Ila ufa wangu ni wa nani? Hakuna aliyepiga picha kuta zetu kabla hawajaanza kulipua karibu. Kifaa cha kupima mtikisiko, milimita kwa sekunde, kiwekwe kwenye misingi yetu, si ofisini kwao. Tofali la udongo halivumilii kama zege, na huku wengi ni udongo.

Mchorongaji mstaafu: Hilo la picha sina ubishi. Sisi tulikuwa tunapiga, ila kampuni ndiyo ilizitunza.

Mleta mada: Ndiyo maana nataka nakala ibaki kwa mjumbe wetu. Jana wamelipua saa saba mchana, watoto wakitoka shule, na king'ora hakikulia.