Ella alipotokwa na maneno Berlin

Kikundi: UKOO WA MKOMANI, AMU

Mwanaisha: Masalkheri nyote. Jamani, Ijumaa ijayo ni siku ya kupamba na bi harusi ameniganda niimbe. Nyimbo tatu! Nyumbani naimba vizuri, lakini mbele za watu maneno hunitoka.

Khale Zainabu: Masalkheri mwanangu. Yaandike kwenye karatasi uishike.

Mwanaisha: Khale, karatasi mbele ya wanawake wa Langoni? Watanisema mpaka Maulidi.

Ami Sefu: Usishike karatasi. Ngoja nikutumie kitu.

Ami Sefu: (rekodi ya sauti)

Ami Sefu: Sikiliza mpaka mwisho ndipo uniandikie.

Omari: Ami, huyu ni nani? Sauti laini kama ya msichana mdogo.

Ami Sefu: Ella Fitzgerald. Mmarekani mweusi, mwimbaji wa jazi, na kwangu mimi hakuna aliyempita. Hapo ana miaka 42. Rekodi ni ya Berlin, tarehe 13 Februari 1960, ukumbi mkubwa wa Deutschlandhalle. Wimbo ni Mack the Knife. Kabla hajaanza aliwaambia watu kuwa anatumai atayakumbuka maneno yote.

Mwanaisha: Na akayakumbuka?

Ami Sefu: Hakuyakumbuka.

Omari: Mbona sisikii pahala aliposimama?

Ami Sefu: Ndiyo sababu nimeituma. Hakusimama. Beti za mwanzo zilikwenda sawa, halafu maneno yakamtoka. Hakunyamaza wala hakuwageukia wapigaji kuwaomba msaada. Aliendelea na mahadhi yale yale, sasa akiimba kwamba hayajui maneno. Akamtaja Bobby Darin, akamtaja Louis Armstrong, waliouimba wimbo huo kabla yake. Kisha akamwigiza Louis mwenyewe kwa sauti ile ya kukwaruza. Akaimba kuwa yeye na wenzake wanauharibu wimbo wa watu! Na yote hayo yameingia kwenye mizani, hakuna neno lililobaki nje ya pigo. Sahani ilitolewa hivyo hivyo mwaka ule ule, bila kukatwa, na ikampa tuzo za Grammy.

Mwanaisha: Subhanallah. Nimesikia sasa. Narudia mara ya pili.

Mjomba Ali: Samahani nakatiza. Kesho asubuhi nani anavuka kuja Mokowe? Nina gunia la nazi la mama.

Omari: Mimi, saa mbili. Nitalichukua.

Mjomba Ali: Ahsante. Endeleeni na muziki wenu.

Khale Zainabu: Sefu, ufundi wake siukatai. Lakini mimi anayenishika ni Billie Holiday. Ella namsikia mwenye raha mno. Billie akifungua kinywa tu unajua huyu ameumia, na anakuumiza na wewe. Ule wimbo wake wa mwaka 1939, Strange Fruit, wa watu weusi walionyongwa na kuachwa mitini kule kusini ya Marekani, siwezi kuusikiliza nikiwa peke yangu. Ella hana wimbo wa kunifanya hivyo.

Ami Sefu: Zainabu, maneno hayo nimeyasikia miaka mingi, na kila nikiyasikia nataka kuyajibu vizuri. Nipe dakika.

Ami Sefu: Ella alizaliwa tarehe 25 Aprili 1917, Newport News, Virginia, akakulia Yonkers, karibu na mji wa New York. Mama yake alifariki mwaka 1932, binti ana miaka 15. Baada ya hapo mambo yakaharibika. Shule akaiacha. Akapelekwa kwenye shule ya serikali ya kurekebisha wasichana, akatoroka. Akarudi Harlem, mtaa wa watu weusi New York, hana nyumba, akilala alipopata, akicheza ngoma barabarani apate senti za kula. Huyo ndiye unayemsikia ana raha mno.

Ami Sefu: Tarehe 21 Novemba 1934 akapanda jukwaa la Apollo, ukumbi wa maonyesho huko Harlem, usiku wa wasiojulikana, ambapo watu wa Harlem walikuwa wakimzomea asiyewapendeza mpaka ashuke. Alikwenda kucheza, kuimba hakukuwa kwenye nia yake. Waliomtangulia ni madada wawili, Edwards Sisters, wachezaji hodari kabisa, na alipowaona akajua kwa kucheza hawawezi. Yuko jukwaani na watu wanangoja. Akaimba. Aliimba kwa namna ya Connee Boswell, mwimbaji aliyekuwa akimsikiliza kwenye sahani za mama yake. Akashinda, zawadi ilikuwa dola 25.

Mwanaisha: Kwa hivyo hata kuanza kwake kulikuwa hivyo hivyo. Alilokusudia limemkimbia, akashika lingine.

Ami Sefu: Umeona wewe mwenyewe.

Khale Zainabu: Habari za maisha yake sikuzijua zote. Lakini swali langu liko pale pale. Kama aliyapitia hayo, mbona siyasikii kwenye sauti?

Omari: Khale, kwani lazima yasikike?

Khale Zainabu: Kwangu ndiyo.

Ami Sefu: Mimi naona hivi. Billie aliichukua dhiki yake akaitia kwenye sauti, akatupa tuione, na Mungu amrehemu, alikufa mwaka 1959 ana miaka 44 tu. Ella alichagua njia nyingine. Kila jioni alisimama akawapa watu furaha safi, na furaha ya mtu aliyelala nje akiwa na miaka 17 haiji yenyewe. Imefanyiwa kazi. Ukiisikiliza ile sauti kwa makini utaona hakuna kulegea hata mara moja, kila noti imeshikwa katikati yake. Hiyo kwangu ni nguvu kubwa kuliko kilio, na naumia watu wanapoiita nyepesi.

Khale Zainabu: Nimekusikia. Bado sijakubali.

Omari: Bibi yuko hapa nami, nimemsikilizisha. Ataka kusema. Naandika kama anavyosema.

Bibi (simu ya Omari): Mwana huyu ana pumzi. Mato yangu hayaoni vyema lakini masikio ni mazima. Yeo nimemsikia, lugha yake siijui, na kila neno nalisikia linapoanza na linapokwisha. Waimbaji wa siku hizi waimba Kiswahili na siwafahamu.

Ami Sefu: Bibi, umesema lile alilosema mtunzi mwenyewe! Ira Gershwin, aliyekuwa akiandika maneno ya nyimbo na nduguye George akitia muziki, alisema hakujua nyimbo zao ni nzuri kiasi gani mpaka alipomsikia Ella akiziimba. Mwaka 1959 alirekodi nyimbo 53 za ndugu hao wawili. Na hao ni watunzi wa sehemu moja tu ya mfululizo mzima alioufanya tangu 1956 mpaka 1964: Cole Porter, Duke Ellington, Irving Berlin, Harold Arlen na wengine.

Bibi (simu ya Omari): Wanikumbusha Siti binti Saad. Kwetu kulikuwa na santuri, na sahani za Siti zilipigwa mpaka zikakwaruzika. Siti naye alianza na umasikini, akizunguka na vyungu kuuza, akiviita kwa sauti, na kwa sauti hiyo watu wakamjua.

Khale Zainabu: Kweli Bibi. Sahani zake za mwanzo alikwenda kuzirekodi Bombay mwaka 1928. Miaka saba kabla Ella hajaingia hata studio.

Mwanaisha: Hilo lazima nilihifadhi. Mwanamke wa Unguja katangulia!

Omari: Ami, mimi nimeshikwa na pale anapoacha maneno kabisa, anafanya kama tarumbeta. Nimeiweka kwenye mashine yangu ya sauti, nimepunguza besi, nikasikiliza yeye peke yake. Hatafuti noti. Anatua juu yake moja kwa moja.

Ami Sefu: Hiyo ni skati. Aliikomaza alipokuwa akisafiri na bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, 1946 hivi, wakati vijana wa bibapu, mtindo mpya wa jazi wa siku zile, wanapiga kwa kasi ambayo wengi hawakuifuata. Yeye anasimama pembeni ya wapuliza tarumbeta na saksofoni, anawasikiliza, kisha anajaribu kufanya kwa koo walilofanya wao. Flying Home alishairekodi mwaka 1945, tafuta hiyo. Halafu How High the Moon ya usiku huo huo wa Berlin. Ndani ya wimbo mmoja anapitia vipande vya nyimbo nyingine nyingi, anaingia na kutoka, na wapigaji wako nyuma yake wanamkimbilia.

Omari: Mpiga udi akiwa kwenye taksim.

Ami Sefu: Hasa. Ukimjua Zein l'Abdin, mwana wetu wa Amu, alivyokuwa akiufungua wimbo kwa udi kabla ya kuimba, utamwelewa Ella bila kufundishwa na mtu.

Mwanaisha: Na Marekani ya wakati ule ilimchukuliaje? Mwanamke, mweusi, na umaarufu wote huo.

Ami Sefu: Vibaya, mara nyingi. Mwaka 1954 yuko safarini kwenda Australia kuimba, na tiketi ya daraja la kwanza mkononi, akazuiwa kurudi kwenye ndege Honolulu. Akaishtaki kampuni ya ndege. Mwaka uliofuata, Oktoba 1955, Houston, Texas: msimamizi wake Norman Granz alikuwa amekataa watu weusi na weupe watengwe ukumbini. Basi polisi wakavamia chumba cha wasanii nyuma ya jukwaa, wakasema kuna kamari. Ella alikuwa amekaa anakula pai na kunywa kahawa. Wakamkamata yeye, Dizzy, mpiga saksofoni Illinois Jacquet, Granz na msaidizi wa Ella. Wakapelekwa kituoni, dhamana dola kumi kila mmoja. Na huko kituoni, polisi mmoja akamwomba Ella amtilie sahihi!

Mwanaisha: Amemkamata kisha anataka sahihi yake??

Ami Sefu: Ndiyo. Na wakarudi ukumbini usiku ule ule, akapanda jukwaani kwa onyesho la pili.

Khale Zainabu: Na akaimba kwa raha.

Ami Sefu: Akaimba.

Khale Zainabu: Haya. Hapo umenigusa, Sefu. Kurudi jukwaani usiku huo huo si jambo la mtu mwepesi. Mimi ningekwenda kulala na hasira zangu.

Mjomba Ali: Nazi zimeshafungwa. Na mimi nimeisikiliza hiyo rekodi, ni nzuri. Huyu bado yu hai?

Ami Sefu: Alifariki tarehe 15 Juni 1996, nyumbani kwake Beverly Hills, miaka 79. Kilichommaliza ni sukari. Ilimharibia macho, na mwaka 1993 akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti. Karibu miaka 60 jukwaani, na mwisho wake ukawa huo.

Mwanaisha: Inna lillahi. Hiyo sukari haimwachi mtu.

Khale Zainabu: Omari, Bibi amekula dawa ya jioni? Na miguu yake itazameni, hata kidonda kidogo msikidharau.

Omari: Amekula Khale. Miguu nimeitazama asubuhi, mizima.

Bibi (simu ya Omari): Wacheni miguu yangu. Mwanaisha aimbe.

Mwanaisha: Naogopa Bibi. Ella ni Ella.

Ami Sefu: Mwanangu, sikukutumia ili ujifananishe naye. Sikiliza. Ella aliweza kuokoka Berlin kwa sababu mahadhi yalikuwa yamemkaa mwilini. Maneno yalipomtoka, sauti ilikuwa na pahala pa kwenda. Wewe umekuwa ukihifadhi maneno kwa kuyasoma kwenye simu, nimekuona barazani. Acha simu. Kwa siku mbili imba nyimbo zote tatu kwa la la la tu, bila neno hata moja, mpaka ujue kila pahala pa kupumua. Kisha rudisha maneno. Neno likikutoka siku ya kupamba, lijaze kwa jina la bi harusi, msifu mama yake, wataje wanawake wa Langoni hao unaowaogopa. Vina ukivitunza, nani atajua?

Khale Zainabu: Hilo ni shauri zuri kuliko la karatasi. Wakitajwa majina watatunza pesa pia.

Mwanaisha: Haya nitajaribu. Ami, nianze na sahani gani mbali na hii?

Ami Sefu: Ella and Louis ya 1956, na Oscar Peterson kwenye piano. Sauti ya Louis ina mchanga, ya Ella ina maji, na zinapishana bila kugombana. Sikiliza hiyo usiku. Asubuhi sikiliza A-Tisket, A-Tasket ya 1938. Ni wimbo wa mchezo wa watoto, yeye na mwenzake wakautengeneza upya, ukafika nambari moja Marekani. Wakati huo yuko na bendi ya Chick Webb, mpiga ngoma aliyekuwa na maradhi ya uti wa mgongo tangu utotoni na bado ni wachache waliomweza kwenye ukumbi wa dansi wa Savoy, Harlem. Webb akafa Juni 1939, na bendi nzima ya wanaume ikawekwa chini ya jina la Ella, naye ana miaka 22 tu.

Khale Zainabu: Na mimi nitamtumia Billie. Asikilize wote wawili aamue mwenyewe.

Ami Sefu: Tuma. Billie simkatai hata siku moja.

Omari: Spika nitaleta mimi, na maikrofoni nzuri. Mwanaisha usiimeze, shika mbali kidogo na kinywa.

Mwanaisha: Sawa. Ngojeni.

Mwanaisha: (rekodi ya sauti)

Mwanaisha: Huo ni wa kwanza. Nimeuimba na maneno mara moja tu, kuanzia kesho ni la la la.

Khale Zainabu: MashaAllah mwanangu!!

Ami Sefu: Pumzi yako ni ndefu kuliko nilivyodhani. Vizuri sana.

Bibi (simu ya Omari): Rudia ubeti wa pili. Umemeza neno.