Kuzidisha mshazari, kurahisisha au kugawa: mnapimaje uwiano?

Mpigapicha Chipukizi: Wakuu, kesho naagiza fremu. Picha ni 24 kwa 36. Kuna fremu ya 50 kwa 70 na ya 60 kwa 90. Sitaki picha ikatwe pembeni ikikuzwa. Njia ipi ya uhakika kujua uwiano ni uleule?

Kiasi na Asili: 24 nini? Na 60 kwa 90 ni kipimo cha nje ya fremu au cha uwazi wa ndani? Bila hayo tunapiga ramli.

Mama Namba: Zidisha mshazari ukalale. 24 × 90 = 2,160, na 36 × 60 = 2,160. Sawa. Ile nyingine: 24 × 70 = 1,680, lakini 36 × 50 = 1,800. Tupa.

Rahisisha: Mshazari unakwambia ndiyo au hapana, basi. Ukirahisisha unaliona umbo lenyewe: 24:36 ni 2:3, 60:90 ni 2:3, 50:70 ni 5:7.

Mama Namba: Haya, rahisisha 391:437. Tunasubiri.

Rahisisha: 17:19. KKS, yaani namba kubwa kuliko zote inayogawa zote mbili, ni 23. Lete nyingine.

Vidole Vinanata: Msidharau haya mambo. Nilikuwa naunganisha meza kwa gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya vimiminika viwili, maelekezo 5:1. Nikachanganya vikombe 10 kwa 2, safi kabisa. Ikapungua. Kwa akili zangu nikaongeza kikombe kimoja kila upande, nikijua nimetenda haki. 11:3! Zidisheni wenyewe: 11 × 1 na 3 × 5. Siku tatu meza bado inanata kama ulimbo, nikaishia kuikwangua yote kwa patasi. Kuongeza sawasawa hakutunzi uwiano, kuzidisha ndiko kunatunza.

Kikokotoo: Yote hayo ya nini? Gawa. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, A3 ni 297 kwa 420. Zote 0.707. Kwisha.

Mama Namba: Umekatia desimali mapema. 210 × 420 = 88,200, ila 297 × 297 = 88,209. Hazilingani kamili, maana vipimo vimekadiriwa kwenye milimita nzima.

Kikokotoo: Tofauti ya 9 kwenye elfu themanini na nane! Jicho gani litaiona?

Mama Namba: Swali lilikuwa uwiano, halikuwa jicho.

Fundi Kipimio: @Vidole, hiyo 5:1 ilikuwa ya ujazo au ya uzito? Epoksi nyingi namba zake hutofautiana.

Mpigapicha Chipukizi: Samahani wakuu, nilibanwa. Ni sentimita. Nimepima, 60 kwa 90 ni ya nje, ubao una upana wa 3 kila upande.

Rahisisha: Basi ndani ni 54 kwa 84. Hiyo ni 9:14. Si 2:3 tena.

Kiasi na Asili: Niliuliza tangu mwanzo.

Mpigapicha Chipukizi: Kwa hiyo nisiagize?

Vidole Vinanata: @Fundi, nilipima kwa vikombe. Kopo nimeshalitupa.