Naomba ushauri: siku mbili Loch Lomond na mama, sina gari

Mtoto wa Kemondo (Juni 2024)
Wakuu habari za jioni. Nipo Glasgow mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mama amekuja kunitembelea kutoka Bukoba, ana wiki moja hapa na amebakiza mbili. Nina miaka 27 na sijawahi kumtembeza mama popote. Nimepata mapumziko Jumanne na Jumatano, nataka nimpeleke Loch Lomond, lile ziwa la hapa Uskoti.

Nilivyopanga: tuzunguke ziwa lote. Tuanzie Balloch, Luss, Tarbet, Ardlui, halafu turudi na upande wa pili, Inversnaid, Rowardennan, tumalizie Balmaha. Kwa basi inawezekana? Na boti za pale zikoje, kubwa au ndogo? Wanatoa majaketi ya kuokolea? Mimi maji siyaogopi, baba alinifundisha kupiga kasia nikiwa darasa la tatu. Nauliza kwa ajili ya mama tu. Naomba majibu ya haraka, usingizi sipati.

Chuma cha Reli
Huko si ndiko kuna lile joka linalotoa shingo majini? Mama aende na panga.

Dada wa Glasgow
Joka ni la Loch Ness, huko juu karibu na Inverness. Msimchanganye mtoto wa watu.

Mleta mada, kuzunguka lote bila gari futa kabisa. Ziwa lina urefu wa kilomita kama 36 na barabara kuu ipo magharibi tu, ile A82 inayopita Luss, Tarbet hadi Ardlui. Mashariki barabara inatoka Drymen, inapita Balmaha, inafika Rowardennan inakufa. Kutoka hapo kwenda Inversnaid ni njia ya miguu kando ya maji. Mwenye gari anazungukia Aberfoyle.

Chagueni upande mmoja mlale hapo. Treni ya Glasgow Queen Street hadi Balloch haimalizi saa nzima. Balloch kuna meli za matembezi, kubwa, zina viti vya ndani. Balmaha kuna boti ndogo inayovusha watu kwenda kisiwa cha Inchcailloch, dakika chache tu umefika. Nilienda na wanangu mwaka jana, msitu wa mialoni, makaburi ya zamani, watu wachache. Pazuri sana.

Mtoto wa Kemondo
Asante sana dada. Hiyo ndogo inabeba watu wangapi? Majaketi mnavaa kabisa au yanawekwa chini ya kiti? Inayumba? Mtu akibadili mawazo katikati, nahodha anakubali kugeuza?

Mzee wa Nyasa
Vijana mna shida. Hicho mnachokiita ziwa kina kilomita za mraba 71. Victoria inapita elfu 68. Unamtoa mama kwenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika umpeleke kwenye dimbwi! Liuli umeshampeleka? Matema je? Livingstone alizaliwa Blantyre, hapo hapo pembeni ya Glasgow unapoishi wewe, na alikuja kwa miguu hadi akaiona Nyasa mwaka 1859. Wenyewe walikuja kwetu, ninyi mnaenda kwao kupiga picha.

Kiatu Kigumu
Mzee, ziwa halipimwi kwa ukubwa. Mwaka 2019 nilitembea njia yote ya West Highland Way, kilomita 154 kutoka Milngavie hadi Fort William, na siku niliyoikumbuka kuliko zote ni ya Loch Lomond. Kipande cha Rowardennan kwenda Inversnaid ni mizizi na mawe yenye utelezi, huku maji yapo chini ya mguu wako wa kushoto. Kuna mbuzi mwitu kule, unaanza kusikia harufu kabla hujawaona. Upande wa kulia ni mlima Ben Lomond, mita 974. Nilifika Inversnaid jioni, maporomoko yananguruma, nikakaa kwenye jiwe kuvua kiatu nikakuta kupe amejichimbia nyuma ya goti, mdogo kama mbegu ya ufuta. Halafu upepo ukatulia na usubi wakaja. Wale wa kwetu ziwani wanapaa kama moshi na hawaumi. Hawa wa Uskoti wanauma hadi kwenye kope.

Mama avae soksi ndefu. Na msipige hema hovyo, kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba sehemu nyingi za ufukweni ni kwa kibali.

Fundi Cherehani
Mkuu hiyo kazi ya wazee huko uliipataje? Njoo faragha.

Dada wa Glasgow
Mtoto wa Kemondo, nimerudia kusoma maswali yako. Hujauliza choo. Hujauliza chakula, wala kama kuna mlima ambao mama hatauweza. Umeuliza majaketi na kuyumba. Kuna nini?

Maana kama mna mpango wa kuogelea nikuambie mapema. Julai 2021, wikiendi moja tu ya jua, watu wanne walikufa kwenye ziwa hili hili. Hawakuwa kwenye boti iliyozama, waliingia majini tu. Maji ni ya baridi hata wakati wa joto, na kuna sehemu unapiga hatua mbili chini hamna.

Mtoto wa Kemondo
Hapana dada, hatuogelei. Mama si mtu wa maji, basi.

Nshomile wa Kiziba
Mtu wa Bukoba si mtu wa maji? Mwanza huwa anaendaje? Busisi anavuka na kivuko?

Mtoto wa Kemondo
Anazunguka. Lusahunga, Kahama, Shinyanga, anaingia Mwanza kwa kule.

Nshomile wa Kiziba
Siku nzima barabarani kukwepa kivuko. Sema mdogo wangu, hapa ni nyumbani.

Mtoto wa Kemondo
Sawa.

Baba alikuwemo kwenye MV Bukoba. Alipandia Kemondo jioni, anapeleka ndizi na kahawa Mwanza, asubuhi yake ndiyo 21 Mei 1996. Mama alisikia redioni akiwa anamenya ndizi. Mwili haukuonekana. Pale Igoma ameshapelekwa mara mbili kuona makaburi, anasema haoni sababu ya kulilia udongo asioujua aliyelala ndani yake. Tangu siku hiyo hajapanda chombo chochote cha majini. Nyumbani dirisha la upande wa ziwa alilizibisha kwa matofali. Nimekua naliona lile pengo la matofali mapya kwenye ukuta wa zamani, nikidhani nyumba zote ziko hivyo.

Nimeshalipia. Vitanda viwili Balmaha, usiku mmoja, na tiketi mbili za boti ya Inchcailloch Jumatano asubuhi. Mama hajui. Anajua tunaenda "shamba". Nimewaza tufike, aone maji yametulia, aone watoto wanapanda, na mimi nimemshika mkono. Dakika chache tu, dada mwenyewe amesema. Akivuka mara moja atakuwa amevuka.

Msiniambie nisiende. Nauliza tu nimkalishe wapi kwenye boti.

Bibi Harusi Mstaafu
Mwanangu nimelia. Mungu ampumzishe baba. Sisi tuliokuwa Mwanza mwaka ule hatusahau, mji ulinyamaza, hata sokoni watu walikuwa wanaongea kwa kunong'ona.

Mzee wa Nyasa
Pole kijana. Yale ya dimbwi nayafuta. Ila mzazi hadanganywi. Ukimdanganya "shamba" leo, kesho ukimwambia "hospitali" hatapanda gari.

Chuma cha Reli
Pole mkuu. La panga nalo nimelifuta.

Dada wa Glasgow
Dakika chache nilizosema ni zangu mimi. Za mama yako ni ndefu tofauti. Mwambie leo.

Mtoto wa Kemondo
Dada, kazini kwangu kuna bibi alikuwa akiona bafu anapiga kelele. Tulimzoesha, sasa anaimba humo ndani. Najua ninachofanya. Nikimwambia leo atakataa leo, na visa yake inaisha. Lini tena nitampata mama kando ya ziwa lenye utulivu kama lile?

Dada wa Glasgow
Huyo bibi mlimzoesha vipi? Mlimwambia "twende shamba" kisha mkamfungulia maji kichwani?

Mtoto wa Kemondo
Hapana. Tulianza kwa kukaa naye mlangoni.

Mpiga Hesabu
Nimekaa kimya nasoma. Jamani hii ni chai, tena ya maziwa. Jamaa ana miaka 27. MV Bukoba imezama miaka 28 iliyopita. Sasa baba yupi alimfundisha kupiga kasia akiwa darasa la tatu? Marehemu? Mnalizwa na mtu yupo zake Mbagala.

Fundi Cherehani
Duh. Kweli hesabu haikai. Ndiyo maana hata faragha hajaja.

Bibi Harusi Mstaafu
Kwa hiyo nimelia bure?

Kiatu Kigumu
Mimi niliona ajabu mtu mwenye hofu yote hiyo kuanza na ratiba ya kuzunguka ziwa zima. Mleta mada jibu.

Nshomile wa Kiziba
Mngesubiri ajibu kwanza. Hakuna mtu wa kutunga dirisha la matofali.

Mtoto wa Kemondo
Nilikuwa zamu ya usiku, simu iko kabatini.

Nimezaliwa Oktoba 1996. Baba alipopanda meli mama alikuwa na mimba yangu ya miezi minne. Aliyenifundisha kasia ni baba mdogo, ndiye alinilea, sijawahi kumwita jina jingine zaidi ya baba. Alinifundisha kwa siri, nyuma ya mwalo, mama alipogundua hakuongea naye karibu mwaka.

Ratiba ya kuzunguka nilitaka siku ijae, ili boti iwe kitu kidogo katikati ya vingi. Ndiyo hivyo.

Mpiga Hesabu
Mkuu naomba radhi, kabisa. Sikufikiria mtoto aliye tumboni.

Nshomile wa Kiziba
Shangazi yangu alikuwa humo humo. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mjomba alikwenda bandarini Mwanza akakaa siku tisa, alirudi na kiatu kimoja ambacho si cha shangazi, alikiokota tu akashindwa kukitupa. Kipo hadi leo. Basi mwambie mama yako, mdogo wangu. Anajua kubeba makubwa kuliko hilo.

Kiatu Kigumu
Na si lazima mpande ili muone. Balmaha hapo hapo kuna kilima kifupi, Craigie Fort, mnapanda taratibu mnaona ziwa lote la kusini. Mama akiweza zaidi kuna Conic Hill, mita 361, ila hiyo inachosha miguu. Ukiwa juu unaona visiwa vimejipanga mstari mmoja, Inchcailloch, Torrinch, Creinch, mpaka Inchmurrin, kama mgongo wa mnyama. Ni ufa wa ardhi unapita pale, ndiyo mpaka wa nyanda za chini na milima ya Uskoti.

Inchcailloch kwa lugha yao ya zamani, Kigaeli, ni kisiwa cha mwanamke mzee. Wanasema ni kwa sababu ya mtawa aliyeishi pale, Kentigerna.

Dada wa Glasgow
Na siku ya pili rudini Balloch mchukue basi la kwenda Luss. Nyumba ndogo za mawe zilizojengewa wachimba mawe ya kuezekea, maua mlangoni, kanisa kando ya mto. Uani pale kuna jiwe la kaburi la enzi za Waviking lenye mgongo kama nyumba. Gati lipo lakini hakuna anayekulazimisha kupanda kitu.

Mtoto wa Kemondo (Jumatano usiku)
Wakuu nimerudi. Poleni kwa kimya.

Nilimwambia Jumatatu usiku, akiwa anakunja nguo. Hakugeuka. Akauliza, "Hilo ziwa lina samaki gani?" Nikasema sijui. Akaendelea kukunja. Asubuhi nimemkuta ameshavaa, soksi ndefu mbili mbili, amefunga na kitenge juu ya koti.

Balmaha alianza na ile sanamu ya Tom Weir, mpanda milima wao, kavaa kofia ya sufu yenye kifundo. Akaniuliza ni mchungaji wa nini. Tulipanda Craigie Fort jioni, polepole, hakusema baridi wala uchovu. Pale juu aliangalia visiwa muda mrefu kisha akaomba chai.

Leo asubuhi tulishuka hadi zinakofungwa boti. Nikamwonyesha tiketi. Akasema, "Sipandi. Na wewe hupandi." Nikasema sawa mama. Nilidhani tutaondoka, lakini akaketi kwenye benchi, mkoba mapajani, akaniambia nikae. Ile boti ikapakia, ikaondoka, ikarudi tupu, ikapakia tena. Baadaye ikaanza kurudisha watu. Tulikaa hapo karibu masaa matatu. Mimi nilidhani anapumzika.

Halafu akanigusa goti, akasema kwa Kihaya, polepole: "Wamekwenda kumi na tisa. Wamerudi kumi na saba. Bado yule mama mwenye mtoto wa koti la njano."

Tukawasubiri. Walirudi na boti ya saa saba, mtoto amelala begani. Mama akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akasema twende.

Luss hatukuwahi, tunakwenda Jumamosi, nimebadilishana zamu. Dada, basi la kutoka Balloch linasimama karibu na lile kanisa, au tutembee? Mama anataka kuliona lile jiwe.

Dada wa Glasgow
Linasimama kijijini, kutoka hapo mnatembea kidogo tu hadi kanisani. Jumamosi sina kazi. Nikija na chapati mama atakubali?