Naanza blackjack sijui kitu: nijifunzie kwa simu, kwa karata za nyumbani, ama nikae tu mezani kasino?

mpakani_busia
Habari zenu wakubwa. Nina miaka 27, niko Busia huku upande wa Uganda. Matatu, ule mchezo wetu wa karata, nacheza tangu nikiwa shule ya msingi lakini hii blackjack nimeijua juzi tu, rafiki alinipeleka kasino Kampala nikakaa nyuma yake naangalia, na imenishika kabisa. Nataka niijue vizuri kabla sijatoa hata shilingi. Naona njia tatu: apu ya bure kwenye simu, kununua karata nicheze nyumbani na dada yangu, ama niende mezani na kama elfu hamsini nijifunze hapohapo. Rafiki anasema hiyo ya tatu ndiyo ya haraka. Nyie mliotangulia mlipitia wapi?

dada_ntinda
Karibu ndugu. Nimegawa karata kasino miaka minne, yaani nilikaa upande ule mwingine wa meza, na nakuomba hiyo ya tatu uifute. Sio kwamba watakufukuza, mgawaji mwenye moyo ukimuuliza atakueleza, shida ni mwendo. Meza inaweza kwenda raundi 60 kwa saa, wewe bado unajumlisha 8 na 5 na 3, watu wote wamekukodolea macho, unaona haya, unafanya ishara yoyote ilimradi zamu ipite. Nimeona hii mara nyingi sana: mtu ana 12, mimi nimefunua 6, anaomba karata, inakuja kingi, ambayo hapa ni 10, amepasuka, yaani amepita 21, dau naliondoa. Halafu nafunua ya chini ni 10, nina 16, nachukua, na mimi napasuka! Angetulia tu angelipwa. Mgawaji hana hiari jamani, chini ya 17 lazima achukue, akifika 17 anasimama. Akiwa amefunua 6 anapasuka karibu mara 42 kwa kila 100. Hiyo ndiyo sababu na 12 yako unakaa kimya.

Na kitambulisho ubebe siku ukienda, sheria yetu ya 2016 inasema chini ya miaka 25 haruhusiwi.

kijana_mukono
Mimi natetea simu. Nilijifunza kwenye teksi asubuhi na jioni, Mukono mpaka mjini, foleni ikisimama mimi nacheza. Uzuri wa apu nzuri ni kwamba ukikosea inakuambia palepale, hapa ulipaswa kusimama, hapa ulipaswa kudabo (kuweka dau maradufu upewe karata moja tu), nani nyumbani atakuambia hivyo? Lakini chagua ya mazoezi, sio ile ya sarafu za bure na mataa na muziki, ile inakufundisha kubonyeza tu, sarafu zikiisha wanakuongezea, na siku ukishika pesa yako kweli kidole kinabonyeza vilevile. Mimi nilifuta mbili za namna hiyo.

mzee_bombo
Vijana nawasoma. Mimi ni mstaafu wa jeshi, kambini karata ndiyo ilikuwa jioni yetu, na ninachosema ni kwamba nunua karata ushike kwa mkono. Na chati iwe pembeni. Hiyo chati ya wapi usimame wapi uongeze haikutoka kwa mganga, ilitoka kwa wanajeshi wanne wa Marekani kambi ya Aberdeen kule Maryland, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walikaa na mashine za hesabu za mezani, hawakutumia kompyuta, wakapiga hesabu ya kila hali inayoweza kukukuta, wakaichapisha 1956. Nikiisoma habari yao moyo unafurahi, askari wa kawaida na uvumilivu wao.

Sasa wewe mcheza matatu una kazi moja ya ziada. Kichwa chako kimezoea kingi ni 13, kwini 12, jeki 11, ree 15 (vijana mnaita esi), mbili ni 20. Hapa kingi, kwini na jeki zote ni 10, mbili ni mbili, na ree ni 1 ama 11 vile itakavyokufaa, na shupaza, kopa, uru, maua hazina kazi yoyote. Kabla hujacheza hata raundi moja, shika zote 52 funua mbilimbili taja jumla kwa sauti mpaka ziishe, fanya kila jioni wiki nzima. Mdogo wangu siku ya kwanza kila akikutana na kingi anasema kumi na tatu, anajirekebisha, anasema tena kumi na tatu.

kijana_mukono
Mzee heshima yako, lakini nyumbani kuna hatari moja: mgawaji mwenyewe hajui. Mimi na binamu yangu tulicheza hivyo mwezi mzima yeye akigawa, akifika 15 anasimama kwa sababu anaogopa kupasuka. Yaani nilikuwa nacheza mchezo ambao haupo popote, na nilikuwa nashindwa vibaya, sikuelewa kwa nini.

mzee_bombo
Hapo umesema kweli mwanangu. Basi anayegawa aandikiwe kwenye karatasi: 16 chukua, 17 simama. Aiweke mbele yake.

mpakani_busia
Asanteni sana. Nimenunua karata jana, dada amekubali kugawa, tunatumia maharage badala ya pesa. Swali: nimepata ree na 6, hiyo si ni 17? Nikasimama kama mgawaji. Chati inasema niongeze. Inawezekana chati ina makosa?

dada_ntinda
Chati iko sawa, na umeuliza kitu ambacho hata watu wa miaka mingi mezani wanakosea. Angalia pole pole. Ree na 6 ukiongeza karata moja HUWEZI kupasuka. Ikija 9, ree inageuka kuwa 1, una 16. Ikija kingi unabaki palepale 17. Ikija ree nyingine, 2, 3 ama 4 umepanda 18 mpaka 21. Na hiyo 17 unayoilinda inalinda nini? Mgawaji hasimami chini ya 17, kwa hiyo 17 yako kizuri zaidi ni sare, ili ulipwe lazima yeye apasuke. Kwa hiyo usisimame hata siku moja, na akiwa amefunua 3 mpaka 6 ndipo unadabo kabisa.

Pea nazo, ree mbili na 8 mbili unatenganisha kila mara ziwe mikono miwili, 10 mbili na 5 mbili kamwe. Mengine chati itakufundisha.

mpakani_busia
Na bima? Mgawaji akifunua ree wanakuuliza kama unataka bima, rafiki yangu alikuwa anachukua kila mara.

dada_ntinda
Mwambie aache. Hiyo ni kuweka dau kwamba karata ya chini ya mgawaji ni ya kumi. Fanya na maharage uone mwenyewe. Aina za karata ni 13, za kumi ni 4 tu. Weka bima ya elfu moja mara 13: mara 4 unalipwa elfu mbilimbili, ni 8,000, mara 9 unapoteza elfu, ni 9,000. Umepungukiwa 1,000. Jina bima linawafanya watu waone ni kinga, ni dau jingine tu.

Na siku ukienda soma kitambaa cha meza kabla hujakaa. Kama blackjack yenyewe, yaani karata mbili za kwanza ni ree na ya kumi, inalipa 3 kwa 2, dau la 10,000 linakupa 15,000. Kama imeandikwa 6 kwa 5 unapata 12,000, na blackjack inakuja kama mara moja kwa raundi 21, hizo 3,000 zinakuuma pole pole. Ikiwa ni 6 kwa 5 inuka.

kijana_mukono
Niongeze kwa sababu atakutana nazo: zile video za kuhesabu karata, yaani kufuatilia zilizokwisha kutoka, achana nazo kwa sasa. Kwanza mchezo wa simu kwa kawaida unachanganya karata upya kila raundi, huna cha kuhesabu. Na hata ukiifuata chati yote, nyumba bado inakuzidi karibu nusu asilimia. Dau la 10,000 raundi 60 ni kama 3,000 kwa saa, lakini kwa simu raundi 300 kwa saa ni 15,000. Ndio maana mimi simu ni ya mazoezi tu, pesa siweki humo.

mpakani_busia
Wakubwa nimerudi, wiki mbili sasa. Nimefanya hivi: asubuhi apu ya mazoezi dakika kumi na tano, jioni karata na dada, na karatasi ya mzee imebandikwa kwenye bilauri mbele yake, 16 chukua, 17 simama. Siku mbili za kwanza alikuwa anafunga macho akichukua kwenye 16, sasa anafunua haraka kunizidi. Kingi nimeacha kuiita kumi na tatu. Jumamosi tulipiga raundi 100, nilianza na punje 200 za maharage nikamaliza na 188, na kila nilipokosea dada aliandika. Makosa yalikuwa tisa, na karibu yote sehemu mbili: 12 yangu mgawaji akiwa na 2 ama 3, naogopa kuongeza, na ree na 7 mgawaji akiwa na 9, nasimama. Rafiki amenipigia twende mwisho wa mwezi. Nimemwambia aje yeye Busia kwanza, maharage yapo.